Bi Pimbi na Miayo ya Nyani

— Niwape, nisiwape?
— Tupe!
— Nikiwapa mtaiweka wapi?
— Masikioni!
— Na masikio yakijaa?
— Tutaimeza!

Haya, imezeni polepole msije mkapaliwa. Na wewe Salmini, hizo karanga zimalize sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kusikia kwacha kwacha pembeni yangu.

Hapo kale, wanyama walikuwa na mchezo wa vigae. Msiniulize walijifunzia wapi kusoma. Walijua, basi. Walichukua chungu kilichovunjika, wakakipasua vipande vidogo vidogo, kila kigae wakakichora herufi moja, wakavitia vyote kwenye kibuyu. Mchezaji anaingiza mkono kibuyuni, anachota vigae vyake, anavipanga juu ya jabali bapa mpaka litoke neno. Ka, ka, ka. Kila kigae alichotumia kinampatia kokoto moja. Vigae vikiisha, mwenye rundo kubwa la kokoto ndiye mshindi.

Sasa mtauliza, nani wa kusema hili ni neno na hili si neno? Alikuwepo Kasuku. Kasuku huyo alifungiwa tunduni miaka mingi barazani kwa Bi Mwanakheri, nyumba ya watu wasiojua kunyamaza. Siku mlango wa tundu uliposahauliwa wazi, akarudi porini na maneno yao yote kichwani: ya kupika, ya kuposa, ya kuomba dua, na matusi ambayo mimi siyataji mbele yenu.

Basi sheria ikawa hivi. Ukitilia shaka neno la mwenzako, unauliza, "Kasuku, ulilisikia?" Akijibu kwamba alilisikia, hilo ni neno, na wewe mwenye shaka umepoteza zamu yako. Akijibu kwamba hakulisikia, mwenzako anaviokota vigae vyake kwa aibu, na zamu yake ndiyo imekwenda. Lakini usipouliza, Kasuku hasemi kitu. Hata mtu aweke upuuzi gani pale juu ya jabali, neno lisiloulizwa ni neno. Mmeishika hiyo? Ishikeni vizuri, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Na msidhani ulikuwa mchezo wa kupotezea wakati. Chini ya jabali lile palikuwa na chemchemi, ya pekee isiyokauka kiangazi. Mila ilikuwa kwamba anayemshinda mwenye chemchemi kwenye vigae, maji yanakuwa yake. Na mwenye chemchemi siku hizo alikuwa Nyani.

Dume la nyani, mabega mapana, meno marefu, na tamaa isiyo na kifani. Ukitaka fundo moja la maji, umletee chakula. Ngiri alileta mizizi, Nguchiro alileta mayai, Swala hakuwa na cha kuleta akahama na wanawe, mpaka leo hatujui walifika wapi. Nyani akala kila kilicholetwa. Alikula tunda, akala nge, akala gome la mti na mdudu aliyekuwa ndani yake. Na kila akitafuna, wake zake walimwimbia: "Mla Vyote! Kilichomshinda hakijaota!" Jina hilo alilipenda kuliko maji yenyewe.

Walijaribu kumshinda. Wote wakashindwa, na si kwa sababu Nyani alikuwa na maneno mengi. Nyani akikosa neno, alipanga vigae vyovyote, upuuzi mtupu, kisha akapiga mwayo. Aaaaaah. Meno yote nje, mpaka yale ya mwisho kabisa. Nani angethubutu kuuliza kitu mbele ya domo lile? Ngiri alitazama chini. Nguchiro alijifanya ana upele. Kasuku akakaa tawini bila kuulizwa hata mara moja, akasahau kabisa kwamba ana kazi.

Juu ya majabali hayo aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, mkubwa kama sungura, hana mkia, kutwa anaota jua mwambani. Wanamdharau mpaka leo. Mtu akiwa mfupi wanamwita pimbi. Bi Pimbi alikuwa na watoto, na kitinda mimba wake, Tunu, kiangazi kile kilimpata vibaya. Kwanza alilia maji. Akalia, akalia. Kisha asubuhi moja akanyamaza. Mtoto anayelia ana nguvu, jamani. Aliyenyamaza ndiye wa kuogopa. Bi Pimbi alipomtia ulimi mdomoni akakuta mkavu, akajua kwamba asipopata maji, huyu hatamwona tena. Na chakula cha kumpelekea Nyani hakikuwepo. Alikwisha kukimaliza chote.

Lakini alikuwa na kitu kimoja. Alikuwa ametazama.

Michezo yote ile, wenzake wakiinamisha vichwa kwa kuogopa meno, yeye alikuwa juu mwambani, mbali, akitazama. Akaona kwamba Nyani akiweka neno la kweli, mkono wake wa kushoto hushuka tumboni kutafuta chawa, polepole, kama mtu aliye kwake. Akiweka upuuzi, mkono haushuki. Hapo ndipo hupiga mwayo. Neno la kweli, chawa. Neno la uongo, mwayo. Kila mara. Bi Pimbi akajiambia kwamba huyu bwana hana usingizi wowote, miayo ile ni pazia.

Jamani, mmesikia? Porini kote waliona meno. Yeye peke yake aliona woga uliojificha nyuma ya meno. Mimi nimeisimulia ngano hii tangu sijaota mvi, na kila nikifika hapa mwili unanisisimka.

Akashuka. Akamwambia Nyani anataka kucheza. Nyani akacheka mpaka akashika mbavu, akamuuliza ataweka nini rehani. Bi Pimbi hakuwa na kitu ila mapango yake, basi akaweka hayo. Akishindwa, pimbi wote waondoke majabalini wakaishi uwandani, chini ya macho ya tai. Wanyama waliposikia hivyo wakajua huyu mama amechanganyikiwa kwa uchungu wa mwana. Nguchiro akamvuta pembeni kumsihi. Hakusikia.

Asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, wakakaa. Wanyama wakazunguka jabali, wake wa Nyani wakaimba wimbo wao, Kasuku akasogea tawini. Bi Pimbi alimlaza Tunu kivulini, mahali anapoweza kumwona. Mchezo ukaanza.

Nyani akaweka MFUPA. Ka, ka, ka, ka, ka. Mkono wa kushoto ukashuka tumboni. Bi Pimbi akaliacha neno lipite.

Bi Pimbi akaweka JANI, neno dogo, la adabu.

Nyani akaweka NGOROFYA. Ka, ka, ka. Mkono haukushuka. Domo likafunguka, aaaaaah, na vichwa vyote pale jabalini vikainama. Vyote ila kimoja. Bi Pimbi alimtazama kooni, akamtazama mpaka mwayo ukaisha, kisha akageuka taratibu.

"Kasuku," akasema, "ulilisikia?"

Hata upepo ulisimama. Hakuna aliyewahi kuliuliza swali lile tangu Nyani ashike maji. Kasuku mwenyewe alishtuka, akatazama huku na huku kama anaitwa mtu mwingine. Akakohoa. Akajipukuta. Halafu sauti yake ikatoka, kavu lakini inasikika.

"Sikulisikia."

Nyani akaviokota vigae vyake kimoja kimoja. Ngiri alikuwa wa kwanza kuinua kichwa, kisha na wengine, na wengine, na ikawa mara ya kwanza kwao kumwona Nyani usoni akiwa anacheza.

Zamu nyingine akaweka BWATUZI, akapiga mwayo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Bi Pimbi akauliza tena. Kasuku hakulisikia. Nyani akaokota tena.

Lakini Nyani hakuwa mjinga, tusimwonee. Alifikiri, akagundua anasomwa. Basi akatega. Zamu iliyofuata akaweka KIVULI, neno la kweli kabisa, kisha akafungua domo kwa makusudi, aaaaaah, ili Bi Pimbi aingie mtegoni, aulize, apoteze zamu.

Bi Pimbi akafungua mdomo. Wanyama wote walijua atauliza. Halafu akaufunga. Maana aliona kwamba miayo ya siku zote ilikuwa ikija yenyewe, kabla mkono haujaachia kigae cha mwisho. Huu wa sasa ulichelewa, na Nyani alikuwa akimchungulia huku domo likiwa wazi. Na zaidi ya yote, masikini, mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kushuka tumboni. Nyani aliweza kuliamuru domo. Mkono hakuwahi kujua kwamba anao.

"Neno zuri," akasema Bi Pimbi. "Lipite."

Aisee, minong'ono ilipita pale jabalini. Walisema huyu mama haangalii vigae, anaangalia ndani ya fuvu la mtu. Wengine walianza kumwogopa Bi Pimbi zaidi ya walivyomwogopa Nyani.

Na bado. Kumsoma mtu uongo wake ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kujua asichokijua. Bi Pimbi alijiuliza, bwana huyu ana maneno gani kichwani? Akaona kwamba mtu huwa na maneno ya mambo anayoyatenda. Maneno ya kutafuna anayo, ya kunyang'anya anayo. Sasa yeye kwenye vigae vyake alikuwa na neno moja la kweli kabisa, ila si la pale kwa Nyani. Akaliweka. HISANI.

Nyani akaligeuza kichwani, akalitazama mwanzo mpaka mwisho, akaona mama huyu naye ameanza upuuzi. Kwa furaha akaita, "Kasuku, ulilisikia?"

Kasuku akasema, "Nililisikia. Bi Mwanakheri alilisema kila alipompa jirani chakula."

Zamu ya Nyani ikapotea. Akaligeukia jabali, akalipiga ngumi.

Mchezo ukaenda hivyo, rundo kwa rundo, mpaka kibuyu kikabaki na vigae vya mwisho. Bi Pimbi akachota vyake. Kibuyu kikawa kitupu, na Nyani vyake alikwisha kuvitumia vyote. Akavitazama, akatazama na marundo ya kokoto. Rundo la Nyani lilikuwa juu ya lake. Ili ampite ilimbidi avitumie vigae vyote alivyoshika, na vigae hivyo havikuwa na neno. Angeweza kupanga EMBE, akapata kokoto zake, akashindwa kwa heshima, akaenda kumzika Tunu uwandani.

Akamtazama mtoto. Alikuwa amelala vile vile alivyomlaza.

Basi mikono yake ikaanza kupanga. Ka. Ka. Ka. Alipanga polepole, na kila kigae kilipogusa jabali wanyama walivuta pumzi. Alipomaliza, likawa limelala pale neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwa mtu tangu dunia iumbwe.

ZUMBERE.

Nyani akalitazama. Akamtazama Bi Pimbi. Aliona ukucha wake unatetemeka, na kwa mara ya kwanza siku ile yeye naye akamsoma mwenzake, akamsoma sawasawa. Akasimama. Akamgeukia Kasuku. Akafungua mdomo, na haukuwa mwayo.

"Kasuku, u…"

"Mzee wangu, samahani," akasema Bi Pimbi kwa sauti ya chini, ya unyenyekevu. "Nisikuponze. Zumbere ni chakula. Wengi wanakufa hawajakionja, si aibu kama na wewe hujawahi."

Aliweka mikono yake mapajani, akangoja.

Nyani alibaki amesimama, mdomo wazi. Mbele yake walikuwa wanyama wote wa pori, vichwa juu. Nyuma yake walikuwa wake zake, waliomwimbia Mla Vyote asubuhi ile ile, na sasa walikuwa wanamtazama wasikie. Akiuliza, Kasuku akaja akasema alilisikia, si zamu tu itakayopotea. Itajulikana kwamba kuna kitu duniani kinaliwa, na pimbi amekila, na yeye hajakila.

Bi Pimbi alikuwa anamtazama mkono wa kushoto. Mkono ulining'inia. Ukajikunja. Ukafunguka. Haukujua pa kwenda.

"Nani asiyejua zumbere?" akasema Nyani, akakaa chini. "Mimi nimekula zumbere mpaka nimelikinai."

"Huwa unalipenda bivu au bichi, mzee?"

"Bivu. Bichi linawasha ulimi."

Na neno lisiloulizwa ni neno. Kokoto zikawekwa, Ngiri akahesabu mbele ya wote, rundo la Bi Pimbi likapita la Nyani. Hakuna aliyeshangilia. Nawaambia hakuna, walikuwa wamesimama tu kama watu waliomwona jini. Bi Pimbi hakungoja pongezi. Alikwisha kushuka chemchemini, akajaza mashavu maji, akapanda mbio, akamtilia Tunu mdomoni. Fundo la kwanza likamwagika. La pili likamwagika. La tatu likashuka kooni, gu. Mtoto akapepesa macho. Kisha akalia, kilio chembamba, kibaya, cha kukera. Bi Pimbi akakaa chini akalia naye, na pale jabalini hakuna aliyebaki na macho makavu, hata Ngiri.

Ndipo Nguchiro, aliyekuwa na kiherehere tangu azaliwe, akaenda chini ya tawi akamuuliza Kasuku lile lililokuwa likimwasha. Hilo zumbere alilisikia lini?

"Sikulisikia," akasema Kasuku. "Kule barazani walikula biriani, wakala bokoboko, wakala vitu vyenye majina marefu kuliko mkia wangu. Zumbere sikulisikia kamwe."

Wanyama wakageuka wote kumtazama Nyani. Yeye ambaye bichi lilimwasha ulimi.

Nyani angeweza kucheka. Angeweza kusema jamani, mama huyu amenipata. Bi Pimbi mwenyewe alimwita, akamwambia maji ni ya wote sasa, hayana bei, aje anywe, na hakuna atakayemuuliza kitu. Nyani akakataa. Akasema Kasuku amezeeka, masikio yamemwisha. Akasema zumbere lipo, yeye anajua linapoota, na hatagusa maji yale mpaka alilete awafunge midomo.

Akaondoka kwa hasira. Akafika kwenye jiwe la kwanza, akalipindua. Hakuna. Akapindua la pili. Akaona nge, akamla, akaendelea. Na mkipita majabalini leo mtamkuta, yeye na ukoo wake wote, wanapindua mawe. Watoto wake hawajui wanatafuta nini. Waliambiwa tu kwamba lipo, na kwamba baba yao alikuwa akilila.

Sasa fundisho. Kaeni sawa, msije mkasema bibi anatupotosha. Fundisho la ngano hii ni kwamba uongo hauna faida hata kidogo. Bi Pimbi alisema uongo mmoja tu, na mwoneni ulivyomponza: alipata chemchemi, alipata majabali yake, alipata mwanawe, na pori zima likamwamkia shikamoo mpaka siku ya kufa kwake. Basi uogopeni uongo kama ukoma. Na ukiulizwa jambo usilolijua, wewe jibu tu kwa sauti kubwa. "Sijui" ni neno la watoto.

— Mmeimeza?
— Tumeimeza!
— Imeshuka?
— Imeshuka!
— Basi nileteeni maji ninywe, nani kawaambia kusimulia hakukaushi koo?